Kipimajoto Ukutani Kwetu

Mwaka ule joto la Juba lilikuja mapema na halikutaka kuondoka. Tulikuwa tunaishi mtaa wa New Site, chumba kimoja cha mabati kuanzia kuta hadi paa, na paa lenyewe lilikuwa chini sana, baba akisimama ilibidi ainamishe shingo. Tulikuwa tumerudi kutoka kambi ya wakimbizi Uganda baada ya kuambiwa nyumbani kumetulia. Hakukutulia kwa muda mrefu. Vita viliporudi, majirani wengi walifunga vitu vyao wakaelekea mpakani tena. Sisi tulibaki kwa sababu baba alikuwa na kazi bandarini, ya kuchomelea vyuma vya yale matishari yanayobeba mizigo na watu kwenda kaskazini kwa mto. Mama alisema akilala tena chini ya hema la turubai atakufa kwa aibu. Basi tukabaki.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Kila ilipofika adhuhuri, moyo wangu ulianza kwenda mbio kana kwamba nimekimbizwa, na mimi nimekaa tu. Mikono ilitetemeka. Darasani, ambako pia kulikuwa na mabati na madirisha madogo kama ya ghala, mwalimu aliongea nami nikaona mdomo wake unafunguka na kufungika, maneno hayanifikii. Nyumbani nilijigeuza kitandani hadi alfajiri, shuka limelowa jasho.

Sikumwambia mtu, na nilikuwa na sababu. Kambini tuliishi na shangazi, dada yake baba. Yeye naye hakuwa analala vizuri, alitetemeka, na siku moja alianguka chini pale kisimani mbele ya foleni nzima ya wanawake, macho yamegeuka, povu mdomoni. Watu wakasema kichwa chake kimeharibika. Baadaye alipelekwa hospitali ya mbali na hatukumwona tena. Hakuna mtu mzima aliyetueleza kitu, na sisi watoto tulijifunza kutouliza. Kwa hiyo mikono yangu ilipoanza kutetemeka, niliamini zamu yangu imefika. Nilikuwa nikiificha chini ya dawati, nikikalia vidole.

Watafiti walikuja shuleni msimu huo wa kiangazi. Walikuwa wachache: mama mmoja kutoka Kenya, mnene, mwenye miwani iliyokuwa ikiteleza puani kwa jasho, na daktari kijana wa hapa hapa Juba, na wenzao wengine niliowaona mara chache. Walitaka kujua joto, mafuriko na hali ya hewa inayobadilika vinafanya nini ndani ya vijana wa rika letu, si mwilini tu bali na moyoni. Wanafunzi walicheka. Mabomu yanalia, na hawa wanauliza habari za joto!

Kwa kuwa wengi wetu tulikulia Uganda, yule mama aliongea nasi Kiswahili. Alitukalisha wasichana peke yetu chini ya mwarobaini nyuma ya jiko la shule.

"Joto likizidi," akauliza, "ndani yako kunakuwaje?"

Halafu msichana mmoja, ambaye sikuwahi kumsikia akisema chochote darasani, akajibu: "Mimi kichwa yangu inajaa kama moshi. Nataka kulia na sijui nalilia nini."

Mwingine akasema yeye anataka kupiga kila mtu. Mwingine akasema tangu maji ya mto yaingie kwao, akiona wingu tu tumbo linamkata. Yule mama hakushangaa wala hakuwapa pole nyingi. Alisikiliza tu, kama mtu anayesikia habari ya kazi yake. Aliponifikia mimi, nikasema niko sawa. Alinitazama kwa muda mfupi kuliko wengine wote, au mrefu zaidi, sijui, kisha akasema, "Haya."

Wiki iliyofuata waliomba ruhusa ya wazazi kutundika vipimajoto katika baadhi ya nyumba. Baba alikubali haraka. Alipenda vyombo. Kilikuwa kidude cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, chenye kioo kidogo cha namba, na daktari alikipigilia ukutani juu ya kitanda changu. Baba alikuwa akirudi kutoka kazini anakwenda kukisoma kwanza kabla ya kuomba maji ya kunywa, kisha anatupa taarifa kwa sauti ya redioni. Mama alikuwa akimwambia, "Joto tunalijua, mzee. Wewe kula."

Kisha risasi zikasikika upande wa mlimani, na kesho yake mchana askari wakaja mtaani kupekua. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Baba alikuwepo kwa sababu matishari hayakuwa yanatembea. Waliinua godoro, wakafungua sufuria, na mmoja wao akakiona kidude ukutani.

"De sunu?" akauliza kwa Kiarabu cha Juba. Hiki ni nini?

"Kinapima joto, afande," baba akajibu.

"Joto la nini?"

"La nyumba."

Askari akamgeukia mwenzake. "Nani anahitaji kidude cha kumwambia kwamba Juba kuna joto?"

Sasa naweza kucheka nikikumbuka. Siku ile hakuna aliyecheka. Waliking'oa ukutani, wakakigeuza, wakatafuta waya. Kisha wakaona kona ya baba: miwani yake ya kuchomelea, vipande vya nyaya, betri ya gari aliyokuwa anaitengeneza.

"Kazi yako nini, wewe?"

"Kuchomelea. Bandarini."

"Na kwa kidude hiki unaongea na nani?"

Baba aliendelea kueleza kwa utaratibu, jinsi alivyokuwa akinielezea hesabu, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kumshuku. Wakamtoa nje pekupeku. Askari mmoja, aliyekuwa amekulia Uganda kama sisi, alimwambia mama, kwa Kiswahili chetu kile kile, "Mama, usilie. Mkubwa ataongea na yeye tu." Lakini sote tulijua watu waliokwenda kuongea na mkubwa na hawakurudi.

Mama hakulia. Alijifunga kitenge upya na kuniuliza, "Unajua pahali yule madamu anakaa?"

"Mtaa wa Buluk."

"Twende."

Tulipanda boda moja, mimi katikati. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikaibana mgongoni kwa dereva. Getini kwa watafiti tulikuta gari linapakiwa masanduku. Walikuwa wameambiwa waondoke mjini, na ndege yao ilikuwa ya mchana huo huo.

"Madamu," mama akasema hata kabla ya salamu, "wamechukua mzee yangu. Sababu ya ile kitu yako ya joto."

Yule mama wa Kenya aliweka mkono mdomoni. Dereva wa gari lao akamwambia, "Madam, ndege haingoji." Madamu akamtazama kama hajamwelewa, kisha akavuta sanduku lake mwenyewe kutoka garini akaliweka chini, pale vumbini.

"Wapeleke wengine. Halafu urudi utuchukue."

Daktari alikuwa ameshaingia ndani kuchukua vibali vyao na kipimajoto kingine kama kile.

Tuliuliza njiani hadi tukakipata kituo walichompeleka baba: ua wenye uzio wa nyasi, na katikati kontena la chuma lililofanywa ofisi. Mkubwa alikuwa nje chini ya rakuba, kibanda cha miti na nyasi, kidude chetu mezani mbele yake kimefunikwa na kofia. Daktari alimsalimia kwa Kiarabu cha Juba, akauliza habari za nyumbani, za watoto, za afya, bila haraka, hadi nikatamani kumsukuma. Kisha akaeleza. Mkubwa akasikiliza, akasema hilo ni jambo la kusema tu. Mtu yeyote anaweza kulisema.

"Tukijaribu je?" daktari akauliza. "Chako kiweke hapa kivulini. Changu kiweke ndani ya kontena. Tungoje kidogo."

Mkubwa alikipeleka kontenani kwa mkono wake mwenyewe. Tulingoja. Alipokitoa na kukilinganisha na kile cha mezani, aliona namba za kile cha kontenani zimepanda juu zaidi.

"Mimi nakaa mle kila siku," akasema.

"Unaumwa kichwa?" daktari akamuuliza.

"Kila siku. Na usingizi hakuna. Mke wangu anasema nimekuwa mkali."

Wakaanza kuongea habari za kichwa chake. Baada ya muda aliagiza mtu awasiliane na wakubwa wake kwa redio, akatuambia tukakae, jibu litakuja.

Tulikaa kwenye gogo nje ya uzio. Mama alikuwa akiomba kwa midomo bila sauti. Yule madamu alikaa upande wangu wa pili, na miguu yake ilikuwa imevimba ndani ya viatu, akavivua. Aliona mikono yangu. Safari hii sikuwa na dawati la kuificha.

"Inafanya hivyo tangu lini?"

Nikamwambia yote. Sijui kwa nini pale. Labda niliona baba akipotea, hakuna tena kitu cha kuficha. Nikamwambia habari za moyo, za usingizi, za shangazi na kisima. Nikamuuliza kama naharibika kichwa.

"Siwezi kukudanganya kwamba najua kila kitu kilicho mwilini mwako," akasema. "Daktari atakupima. Lakini haya unayoniambia nimeyasikia kwa wasichana na wavulana wengi hapa, na kwetu kando ya ziwa pia. Mtu asiyelala, anayekunywa maji kidogo, anayekaa ndani ya bati mchana kutwa na risasi zinalia, mwili wake utamlalamikia. Wako unakulalamikia. Huo si wazimu, mwanangu."

"Kwa wengi?"

"Wengi sana."

Nililia, lakini ilikuwa kama kutua ndoo ya maji kutoka kichwani baada ya njia ndefu, shingo inauma na huku unasikia raha. Mama alidhani nalilia baba, akanishika bega.

Jua lilikuwa linashuka lilipokuja jibu. Baba alitoka na vumbi hadi kwenye nyusi, bado pekupeku, akiwa mzima. Mama alimfuta uso kwa ncha ya kitenge, akimsugua kwa nguvu kama mtoto, huku akimgombeza kwa kupenda vidude vya watu. Mkubwa alitoka kutuaga. Aliomba kimoja kati ya vile vipimajoto kibaki kwake. Yule madamu akamwachia.

Daktari alinipima kesho yake. Alisema damu yangu ni pungufu, akanipa dawa, akaniagiza maji na usingizi mahali penye hewa, na kwamba hali ikiendelea nirudi kwake. Madamu aliondoka siku hiyo kwa ndege nyingine. Kabla hajaenda aliongea na baba faraghani, na jioni baba akaniita tukakae nje.

"Mbona hukuuliza habari za shangazi yako?" akasema.

Nikaanza kuchora mavumbini kwa kidole.

"Alikuwa na kifafa. Tangu mdogo, kabla hata hatujaijua Uganda. Na kule hospitali alikufa kwa malaria. Sisi ndio tuliokosea kunyamaza. Tulidhani tunawaficha huzuni." Akanishika kichwa kwa kiganja chake kigumu. "Kichwa hiki hakina neno."

Wiki ile alichukua nyasi na mikeka akatengeneza dari chini ya mabati, akakata dirisha la pili upande wa upepo, akanihamishia kitanda pale. Nyumba haikuwa baridi. Ilikuwa nyumba tu, si tanuri tena. Watafiti waliporudi mjini baada ya mvua, walikaa na mwalimu mkuu na wazazi wakawaeleza waliyoyakuta, na shule yetu ikaanza masomo asubuhi na mapema na kuturuhusu kurudi nyumbani kabla joto halijapanda. Mikono yangu ilitulia polepole, bila mimi kujua siku gani. Vita havikwisha mwaka ule, wala uliofuata.

Baba alipenda sana kusimulia yaliyompata. Wageni wakija usiku, alikaa nao mlangoni na karanga, na kila mara alizidi kuwa shujaa, hadi ikafika mahali yeye ndiye aliyemfundisha mkubwa kusoma namba. Mama alikuwa akimsahihisha kutoka jikoni, wageni wakicheka hadi majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Hayo ya kicheko naambiwa tu. Mimi nilikuwa nimelala fofofo.