Kahawa ya Kumliwaza Mgonjwa

Keti, msikilizaji wangu, na kama una kikombe cha kahawa mkononi usikiweke chini kwa ajili yangu. Sikuja kuisema vibaya kahawa. Nimeinywa tangu usichana wangu na bado naipenda. Nataka tu kukueleza ilivyomfanya mume wangu tulipokuwa tukiishi Kondoa, wakati wa Mjerumani, maana huenda nyumbani kwako yupo mtu kama yeye.

Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Mwaka ule boma lilimpa kazi ya kushona sare za askari, na kila asubuhi askari mmoja alikuja kumsimamia, kiboko mkononi. Hakumpiga hata siku moja. Alisimama tu, akikipigapiga kiboko kwenye mguu wake mwenyewe. Kazi ilipokwisha askari akaenda zake, lakini hofu ikabaki. Mume wangu angekuwa ameketi kwa utulivu, mara moyo unamwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, na ananiambia, "Mama watoto, leo nakufa." Hakufa. Kesho yake yakarudi yale yale. Mwisho akaacha kutoka nyumbani, na cherehani ikafunikwa shuka.

Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Kila alasiri wanaume wa mtaa walikuja barazani kumliwaza, na mgeni hakai barazani bila kahawa. Nilikaanga buni, nikazitwanga, nikachemsha mpaka ikawa nyeusi tii. Tena tulikuwa na desturi: kila mgeni anapomiminiwa, mwenye nyumba hunywa pamoja naye. Wakija wageni wengi, mume wangu alikunywa vikombe vingi. Tulimpenda sana, na upendo wetu wote ulipitia kwenye dele, birika la kahawa.

Hakuna aliyeishuku kahawa. Wengine walisema ni pepo, wengine jicho la hasidi. Kaka yake aliyekaa Mpwapwa akatuma ujumbe kwamba baada ya Idi angekuja kuichukua cherehani, apewe ndugu mwingine anayeweza kuitumia.

"Bora aichukue," mume wangu aliniambia. "Mimi si fundi tena."

Niliingia jikoni nikalia. Nilijua kwamba mume wangu, cherehani ikiondoka, hatainuka tena.

Ramadhani ikaingia. Siku za kwanza alishinda akilalamika kichwa kinamuuma, nikadhani funga itammaliza. Kumbe baada ya siku chache, alasiri moja, alifunua shuka, akatunga uzi kwenye sindano, akashona pindo la kanga yangu. Mkono umetulia kabisa! Lakini baada ya kufuturu wageni wakaja, dele likazunguka, na kabla watu hawajainuka kwenda tarawehe alikuwa ameshika nguzo ya baraza, anahema kama aliyekimbizwa. Kesho yake ikawa hivyo hivyo: mchana shwari, jioni tufani. Ndipo mimi, mpishi wa kahawa ile, nilipoanza kuitazama kwa jicho jingine.

"Jaribu leo kupunguza kahawa," nilimwambia.

"Kahawa? Wenzangu wote wanakunywa, na wanalala kama magogo."

"Wenzako hawana moto kifuani. Kahawa haikuuwasha moto huu, bwana. Aliuwasha yule mwenye kiboko. Ila sisi tunaupepea kila siku."

Mwisho akasema, "Haya, niwekee tangawizi."

Jioni ile jirani yetu, mwuza ngozi mwenye maneno mengi, alinusa hewa. "Shemeji, mbona kikombe cha fundi kinanukia tangawizi? Unamnywesha limbwata?"

"Limbwata ningekupa wewe, ukae nyumbani, masikio yetu yapumzike."

Watu wakacheka. Walipotulia nikawaeleza wazi kwamba kahawa inaukimbiza moyo wa mume wangu. Jirani akainamisha kichwa.

"Kwa hiyo siku zote hizi sisi ndio tuliokuwa tukimwumiza?"

"Mlikuwa mkimpenda. Njooni vile vile, kaeni naye vile vile. Mwacheni tu anywe kinachomfaa."

"Basi kahawa yake nitainywa mimi," akasema. "Isije ikamwagwa bure."

Hatukuikata mara moja, kwa sababu ya kile kichwa kilichomuuma siku za kwanza za funga, alipoikosa kahawa mchana. Tuliipunguza pole pole. Wala nisikudanganye kwamba hofu iliondoka yote. Siku nyingine ilimjia, lakini sasa ilimkuta anaweza kuketi, akavuta pumzi taratibu, akaingoja ipite.

Kaka mtu alifika siku chache baada ya Idi, akimswaga punda wa kubeba cherehani. Alimkuta mdogo wake barazani anashona kanzu ya mteja.

"Shikamoo, kaka," mume wangu alisema bila kuachia mkono wa cherehani. "Ningoje nimalize bega hili, kisha tule."

"Marahaba." Shemeji yangu aliitazama ile mikono kwa muda mrefu, halafu akamfunga punda kivulini, akavua viatu, akaketi.

Nawe, kama moyo wako huenda mbio bila sababu, usiiache kahawa ghafla. Punguza kikombe kimoja, kaa siku chache, kisha punguza kingine, na kuanzia alasiri unywe tangawizi.