Kwao Kutatu kwa Mchumba wa Dada

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Shule yangu iliishia darasa la sita, mkono wangu ni mzito, na jana nilianika ndagala, samaki wetu wadogo, hadi jua likazama.

Dada yangu mkubwa anaishi Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Amepata mchumba huko, na mchumba yuko tayari kutoa mali, yaani mahari. Lakini kwetu Lweba, kijiji cha ziwani huko Fizi, Kivu ya Kusini, ukoo haupokei mali kabla ya kujua kwao mtu ni wapi, hadi kijiji cha babu yake. Baba alifariki, kwa hiyo anayeuliza ni baba mkubwa. Mimi ndiye mpeleka maswali. Kila swali ni safari ya kwenda mji wa Baraka kutafuta mtandao, na safari hizo zimenichosha.

Mara ya kwanza mchumba alijibu kwamba ni mtu wa Occitanie. Mara ya pili akaandika Aveyron. Alipoulizwa babu yake alizaliwa wapi, akasema Rouergue.

Nilipoleta jibu hilo, baba mkubwa aliacha wavu aliokuwa anashona.

"Muntu moja, kwao tatu? Hata samaki mukeke iko na maji yake. Huyu anatuchezea."

Shangazi akacheka. "Uliogopa mutoto ataolewa na muntu hana kwao. Sasa iko nazo tatu, unakasirika tena."

Mama hakucheka.

Nikarudi Baraka. Dada alinieleza polepole kwa simu, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu. Zamani za wafalme, alisema, kusini kule kulikuwa na majimbo: Languedoc iliyofika hadi Toulouse, Gascogne upande wa bahari kuu, Roussillon chini ya milima ya Pyrénées, na Rouergue, nchi ya juu yenye mawe na kondoo. Wafalme walipoanza kuangushwa, majimbo yalikatwa vipande, na vingi vikapewa majina ya mito. Aveyron ni mto unaopita Rouergue, na nchi hiyo ikapewa jina lake. Juzi juzi serikali imeunganisha vipande kadhaa, ikaviita Occitanie. Wazee hawakuacha kusema Rouergue. Kwa hiyo mchumba hakudanganya.

Jioni nilimweleza baba mkubwa hayo yote, macho yangu yakiwa chini.

"Ni kama wewe, baba mukubwa. Karatasi inasema Kivu ya Kusini, wewe unasema Kivu tu, kama zamani. Na uko muntu wa Fizi."

Akauvuta tena wavu wake.

"Mi ninajulikana," akasema. "Toka hapa mpaka Swima uliza nani unataka, atakuambia mi ni mwana wa nani. Yeye, nani anamujua? Alete muntu wa kule aseme, asikuwe ndugu yake."

Hapo ndipo tumekwama. Dada anasema asipopata baraka za ukoo ataolewa hivyo hivyo, na mama anajua kwamba binti aliyeolewa bila ukoo kukubali haji tena nyumbani hata kwa msiba. Tangu siku hiyo mama anakula kidogo.

Ndiyo maana ninaandika. Kama wewe unayesoma umezaliwa kule Aveyron, au umewahi kuishi kule, niandikie. Niambie tu kama watu wa Aveyron wanajiita bado watu wa Rouergue, na kwa nini. Tumia maneno mepesi, maana nasoma kama ninavyoandika. Nitalisoma jibu lako kwa sauti, baba mkubwa akiwa amekaa mbele yangu.