Besi ya Kangari na Gunia la Mchele

Sogea karibu unisikilize, na usiwe na wasiwasi kama hujawahi kushika gitaa. Nitakueleza polepole. Gitaa la besi la kawaida lina vipande vyembamba vya chuma vilivyopigiliwa kukatiza shingo yake. Ukibonyeza uzi karibu na kipande kimoja, sauti inajikalia mahali pake. Lakini yapo mabesi machache yaliyotengenezwa bila vyuma hivyo. Shingo ni mbao tupu, laini kama meza ya sebuleni, na mpigaji hutafuta sauti kwa kidole na sikio. Si rahisi, ila ukishaizoea, besi hiyo inalia kama mtu anayeimba amefumba mdomo.

Miaka ya tisini, mimi na mwenzangu tulikuwa tukinunua na kuuza mabesi hayo ya zamani. Tuliishi Skuta, Nyeri. Bendi nyingi za huku mlimani zilikuwa zimevunjika, na vyombo vyao vilikuwa vimelala chini ya vitanda. Yeye alivitafuta. Mimi nilivisafisha, nikafunga nyuzi mpya, nikanyoosha shingo zilizopinda. Wanunuzi walikuwa wanamuziki wa hoteli za Nairobi na wageni waliopenda vyombo vya kale. Kila jioni mwenzangu aliongeza sauti ya redio matangazo ya vifo yakianza, akaacha hata kutafuna. Nilidhani ana jamaa wengi.

Siku moja aliniambia twende Kangari nikague shingo ya besi fulani. Kwanza tulizunguka hadi Wang'uru, kwenye mashamba ya mpunga, akapakia gunia la mchele kwenye pikapu.

"Mchele wa nini?" nikamuuliza.

"Wa kufungua mlango," akasema, akicheka.

Tulifika nyumbani kwa watu tukakuta turubai, viti vya kuazima na wafiwa. Mwenye besi alikuwa amekufa na hata hajazikwa. Mwenzangu, ambaye hakuwahi kumwona marehemu hata kwa mbali, alivua kofia, akaomba kuongoza maombi, akalia. Machozi kabisa, mpaka kidevuni. Kabla hayajakauka alikuwa ameshamwinamia mjane kumuuliza gitaa liko wapi.

Mjane alilileta likiwa limefungwa kwa shuka. Nyuma yake alikuja binti yake, mpigaji besi wa kanisani, aliyemwahidi babake kwamba angelipiga gitaa hilo siku ya mazishi.

"Mama, pole sana," mwenzangu akasema. "Hii imeharibika. Si unaona vyuma zote zimetoka? Imebaki kuni."

"Ati zimetoka?" Mjane aliipapasa shingo kama anayetafuta kidonda.

"Zote. Lakini siwezi kuacha wafiwa hivi. Nimewaletea mchele ya kulisha watu. Hii nitaibeba, niwapunguzie takataka."

Mdogo wa marehemu alikuwa ameshawafungulia wapishi gunia. "Shemeji, wacha iende," akasema. "Kwani watu watakula gitaa?"

"Baba alikuwa anaipiga hivyo hivyo," binti akasema. "Na mimi nitaipiga."

"Msichana, utapiga nini hapo? Hata nzi akitua atateleza." Kisha mwenzangu akanigeukia. "Fundi, waambie."

Nilipitisha ukucha kwenye shingo, kutoka juu hadi chini. Gitaa lililong'olewa vyuma hubaki na mifereji kwenye mbao, na hata ikizibwa ukucha huikuta. Hapakuwa na hata mmoja.

"Mama, iko sawa," nikamwambia mjane. "Ilitengenezwa hivi. Ndiyo sababu ameifuata kutoka Nyeri."

Mjane alilifunga gitaa tena kwa shuka, akampa binti yake.

Nilitegemea mwenzangu aone haya. Badala yake alienda jikoni, ambako sehemu ya mchele wake ilikuwa tayari imo ndani ya beseni ikioshwa. Akamnyang'anya mpishi beseni, akaumimina ule mchele ndani ya gunia, maji na yote, akikomba kwa mikono ile ile aliyofutia machozi. Akalibeba gunia begani likitiririka maji meupe mgongoni, akapita katikati ya wafiwa.

"Ngoja, baba, umesahau moja," mama mmoja akamwita. Akaokota punje miguuni pake, akamtilia mfukoni mwa koti. Wafiwa wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Yeye akaenda zake na punje yake.

Sikupanda pikapu ile tena, wala sikufanya naye biashara. Nilibaki nikafunga nyuzi mpya, na siku ya mazishi binti akaunganisha besi na spika ya kanisa, akaipiga taratibu huku mamake amesimama kando yake. Mpaka leo harufu ya mchele mbichi uliolowa hunichafua moyo.

Basi ukifiwa, kusanya vyombo vya kazi vya marehemu siku hiyo hiyo, uvifungie chumba kimoja, ufunguo ukae nao mwenyewe, na usimwonyeshe mgeni yeyote kitu mpaka mazishi yapite.