Faili Moja Halipo

Saa mbili na dakika kumi na saba asubuhi, siku ya Ijumaa, programu ninayopangia mitihani ilikataa kufunguka. Kilitokea kisanduku kidogo chenye maneno ya Kiingereza: faili fulani, jina lake likiishia na herufi dll, halipo. Katika steshenari yangu hapa Dodoma nilikuwa na mitihani ya shule nne za upande wa Bahi, imeshachapwa na kupangwa, imebaki kutoa nakala. Mwalimu mkuu anayeisimamia alikuwa aifuate saa kumi jioni.

Nilimwita fundi wa jengo la jirani, mwenye diploma ukutani. Mimi kompyuta nimejifunza kwa kusoma peke yangu, na siku ile niliiheshimu diploma kuliko macho yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Soma hapa."

Hakusoma. "Hii tunapiga window tu."

"Wanasema linakosekana faili moja."

"Mzee, ukibishana na Kiingereza cha kompyuta utazeeka mara mbili. Vitu vyako viko wapi?"

"Diski D."

Kwetu hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Kompyuta ikiwa nzito, piga window. Spika zikikaa kimya, piga window: futa kila kilichomo diski C, uanze upya. Nilikuwa nimeshalizoea jibu hilo kiasi cha kutoona kwamba ni la mtu asiyetaka kusoma.

Diski D ilikuwa na kadi za harusi na barua za wateja. Mitihani, programu ilikuwa ikiihifadhi kwenye folda yake yenyewe, diski C. Hakuangalia; akaifuta C yote. Na mimi sikuangalia.

Mwalimu mkuu alifika saa kumi kamili.

"Imefutika, Madam, fundi alipopiga window. Nitachapa upya, Jumatatu mchana itakuwa tayari."

"Jumatatu asubuhi watoto wanafanya mtihani. Niwagawie maelezo yako?"

Akakusanya karatasi nilizochapia, zilizoandikwa na walimu kwa mkono, akazihesabu moja moja mbele yangu, akavuka barabara kwenda duka la pili. Mlangoni akageuka: "Wewe baki na window yako."

Wiki tatu baada ya kuiweka programu upya, kisanduku kilekile kikarudi. Safari hii nilisoma. Faili hilo ni la kuazimana: programu nyingi hulitumia, kama masufuria makubwa ya mtaa yanayokwenda msibani leo na harusini kesho, bila nyumba yoyote kununua lake. Sufuria likikosekana, unauliza limekwenda wapi. Hubomoi jiko.

Lilikuwa limekwenda karantini. Programu yangu ilikuwa ya kunakili kwa flashi kutoka duka la mwenzangu, kama zilivyo nyingi mjini, na kinga ya virusi ililitilia shaka faili lililokuja nayo ikalifungia. Ilinitaarifu kwa maandishi mekundu. Mara zote mbili nilikuwa nimebonyeza sawa ili yaondoke. Nilifungua orodha ya karantini, nikabonyeza kurudisha. Programu ikafunguka kabla sijakaa vizuri kwenye kiti.

Shule zile hazikurudi. Kazi yao ilikuwa laki sita na ishirini elfu. Fundi nilimlipa elfu ishirini na tano, na nikamshukuru. Jumla, shilingi laki sita na arobaini na tano elfu.