Beringi ya Baba

Baba yangu alikuwa fundi wa mashine za posho Kawangware, na alibadilisha beringi, zile gololi za kuzungushia mashine, mara nyingi kuliko alivyobadilisha shati. Kwa hiyo nyonga yake ilipokufa na akawekewa ya bandia, mwishoni mwa miaka ya sabini, jambo la kwanza alilouliza ni imeundwa na nini. Daktari alimweleza: gololi ya chuma inayozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Plastiki hulika polepole, akasema, lakini atembee kila siku ili misuli ipate nguvu. Baba alisikia kulika tu. Hayo mengine aliyaacha hospitalini.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye, "beringi inauawa na kuzunguka. Na hii haina speya hapa Kawangware. Nitaitunza mpaka siku ya harusi yako, nikupeleke mpaka mbele ya kanisa nikitembea."

Nilikuwa na mchumba tayari, nikafurahi kama mjinga.

Akaitunza miaka miwili. Karakana aliisimamia kutoka kitini, akifoka. Ibada ya Jumapili aliisikiliza redioni. Aliamuru mabati ya chumba chake yakatwe mlango wa pili, apunguze hatua nane za kwenda chooni, na mwenye ploti aliyetupangisha alipokuja juu, Baba alimweleza habari za plastiki mpaka mtu wa watu akaondoka akijishika kiuno.

Siku ya harusi, kanisani Riruta, alishuka garini amevaa suti mpya. Nikamshika mkono. Hatua ya nne magoti yakaanza kutetemeka. Ya sita akaketi kwenye benchi la nyuma, jasho likimtoka, kwa sababu mapaja yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilikwenda mbele peke yangu nikilia, na watu wakadhani ni furaha.

Wiki iliyofuata nilimrudisha kwa daktari, akapigwa picha. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema kikombe kiko vile vile alivyokiweka, hakijalika hata kidogo. Baba akanigeukia na uso wa mshindi.

"Si nilikuambia?"

Nilikasirika. Nikamwinua, akaniegemea, tukaanza kutoka. Korido ya hospitali ile ilikuwa ndefu kuliko kanisa letu. Tulipumzika mara tatu, lakini alifika mlangoni kwa miguu yake, akiwa amenishika mkono.