Mzee Niliyemwachia Kiti

Jamani, mimi ni mwalimu, tena wa heshima zangu, na likizo napiga picha abiria wa mabasi, watu wa kawaida wakiwa safarini. Juzi, kwenye basi la kutoka Nyamongo kwenda Mugumu, akapanda mzee mweupe wa nywele, nyusi, hadi kope. Nikasema leo nimepata picha!

"Shikamoo, mzee."

Akashtuka, akafungua mdomo.

"Usijisumbue kuongea, mzee wangu. Kaa hapa."

Nikamwachia kiti, nikasimama njia nzima nikimpiga picha. Kila alipotaka kusema neno, nilimtuliza. Nikawatangazia abiria kwamba macho yale yaliiona nchi hii kabla dhahabu haijaleta fujo. Wakacheka, nami nikawaona hawana adabu.

Tuliposhuka Mugumu, mzee wangu akaenda bombani kunawa. Vumbi la mashine za kusaga mawe ya dhahabu likatiririka lote, akabaki kijana wa nywele nyeusi tii. Alikuwa Marwa, niliyemfundisha hesabu darasa la nne.

Abiria wote walikuwa wamesimama wakingoja kuona sura yangu.

"Shikamoo, mwalimu," akasema. "Shikamoo tena. Hiyo ya pili ni ile yako, nakurudishia."