Blauzi ya Sukari

Katika nyumba ya Waya pale Kosele hakuna kitu kilichoachwa uchi. Makochi yamevaa, meza imevaa, redio imevaa, thamosi imevaa sketi yenye marinda. Hata ile televisheni ya nyeusi na nyeupe, ambayo haijawahi kuona betri ya gari yenye moto tangu nijue kusoma, ina shela kama bibi harusi anayemsubiri bwana asiyekuja. Vyote ni vitambaa vya kroshia, vimefumwa kwa ile sindano yenye ndoana mdomoni, kisha vikachovywa kwenye maji ya sukari yaliyochemka yakawa mazito, vikaanikwa mpaka vikasimama vyenyewe. Ukikaa vibaya unasikia kitu kikikatika mgongoni, na Waya anakohoa.

Waya ni shangazi yangu, dada ya baba. Nilipelekwa kwake likizo ya Desemba, nikiwa nimemaliza kidato cha pili, kwa kosa la kumwiga naibu wa mwalimu mkuu mbele ya darasa bila kuangalia dirishani, ambako mwenyewe alikuwa amesimama akijifunza anavyotembea. Mama akasema mdomo wangu umeipita mikono yangu kwa mbali, kwa hivyo niende mikono ifundishwe.

Sasa, kule Migori, siku ya pili ya Krismasi, vijana wa mtaa wetu hufanya konsati. Mwaka huo nafasi ya vichekesho ilikuwa yangu. Nilikuwa na walimu saba tayari kichwani, na askari mmoja. Nisipofika, nafasi hiyo angepewa kijana wa jirani ambaye kipaji chake chote duniani ni kulia kama mbuzi. Hana hadithi ya mbuzi. Ni mlio tu.

Jioni ya kwanza nikamwuliza Waya nitarudi lini.

"Nyar owadwa," akasema, maana yake binti wa kaka yangu, na kila akiniita hivyo najua kuna adhabu nyuma. "Umefika leo na tayari unauliza gari?"

"Nauliza tu, Waya."

"Fuma kitu kimoja kwa mkono yako, ukimalize. Kitambaa ya kochi, hata ndogo."

Hapo mdomo ukanitangulia, kama kawaida yake. Nikamwambia makochi yake yamevaa kuliko watu wa Kosele wote, na jua hili linatuchoma, mimi nitafuma kitu cha binadamu. Blauzi. Nyeupe, nyepesi, yenye matundu ya kupitisha upepo.

Waya akacheka mpaka akashika mlango. "Blauzi! Haya. Ufume, uvae kanisani Sabato kabla ya Krismasi, ukae nayo mpaka ombi ya mwisho. Ukiitoa kabla, Krismasi utakula hapa na mimi."

Nikakubali. Sikuwa nimewahi kushika hiyo ndoana hata kuchokonolea meno.

Nisiwachoshe na wiki mbili zilizofuata. Kuna kitu kinaitwa mnyororo, ambacho mtoto wa nasari anaweza, halafu kuna kila kitu kingine. Kidole kilitoboka. Uzi mweupe ukageuka rangi ya chai. Waya alinifundisha mtindo mmoja tu, wa kuanzia katikati na kuzunguka, kwa sababu vitambaa vyake vyote ni vya duara. Nilipobana uzi, duara lilijikunja likawa kofia. Nilipolegeza, likatoa mawimbi kama ziwa siku ya upepo. Wamama wa kikundi chake walikuja kila Jumanne kufuma na kuwasema wasiokuja, na kila mmoja aliniangalia akasikitika kwa furaha.

"Hiyo ni ya kuchujia chai?" mmoja aliuliza.

"Ni mkono, Mama."

"Mkono wa nani?"

Mwishowe nikaiacha mikono kabisa. Nikafuma maduara mawili makubwa, moja la mbele, moja la nyuma, nikayashonea mabegani na ubavuni. Kusema kweli nilikuwa nimeunganisha vitambaa viwili vya meza nikaviachia tundu la kichwa. Lakini ilikuwa imeisha! Nikaivaa juu ya fulana ya michezo ya shule. Ikaning'inia kama wavu uliotoka majini bila samaki.

Ijumaa asubuhi Waya alienda sokoni Oyugis. Nikakaa mbele ya ile blauzi nikifikiri. Kwa nini vitambaa vya Waya vinapendeza, na changu kimezirai? Jibu lilikuwa kwenye kopo juu ya kabati. Kila kitu cha kroshia nilichowahi kuona katika maisha yangu kilikuwa kimetiwa sukari. Hakuna mtu aliyeniambia nguo haitiwi. Nikachemsha nusu kopo, nikachovya blauzi, nikakamua, kisha nikatafuta kitu cha kuikausha juu yake ipate umbo la mtu. Nikaivisha mtungi wa maji.

Kufikia saa tisa ilikuwa ngumu kama ungo. Ilikuwa na umbo, sikatai. Umbo la mtungi.

Waya aliporudi akaizunguka mara mbili. Akaigonga kwa kucha. Ikalia.

"Nikuvunjie ahadi yetu?" akauliza, na nikaona midomo yake inapigana na kicheko.

"Hapana, Waya. Sabato ni Sabato."

Kesho yake niliingia kanisani tumbo langu likitangulia hatua moja. Nilikaa benchi la tatu. Kila nikipumua, blauzi ilijibu. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, kwa nini huyu amevaa meza?" na hakuna aliyemnyamazisha. Mpaka wakati huo nilikuwa bado nawadharau wote. Mtu akidharau vizuri hawezi kusikia aibu, hilo nililigundua mapema shuleni.

Halafu jua likapanda kwenye mabati.

Jasho lilianza mgongoni, na sukari ikakumbuka ilikotoka. Ile blauzi ilianza kulainika, kisha kunata. Nzi walikuja wawili, wakaenda kuita ukoo. Sisimizi walipanda kutoka sakafuni kwa mstari, wenye nidhamu kuliko kwaya. Nyuma yangu kulikuwa na mama amepakata mtoto wa kama mwaka mmoja. Nikahisi kitu chenye maji begani. Nikageuka. Mtoto alikuwa ananilamba, polepole, macho amefumba, mtu pekee aliyekuwa katika ibada ya kweli.

Mhubiri alisema, "Na jambo la mwisho," mara nne. Mimi nilikuwa nakariri walimu wangu saba, mmoja mmoja, nisikurupuke.

Ombi la mwisho likafika. Watu wote wakasimama. Nami nikainuka, na benchi likanivuta. Mgongo wa blauzi ulikuwa umegandana na vanishi. Nikasikia uzi mmoja ukikatika, kisha mwingine, trrr, maana mafundo ya mwisho niliyafunga kama kamba za viatu. Kama ningesimama, blauzi ingebaki kwenye benchi na Krismasi yangu ingebaki Kosele. Nikakaa. Kanisa zima limesimama mbele za Mungu, mimi peke yangu nimekaa kama chifu. Mzee wa kanisa alifumbua jicho moja akaniona. Akarefusha ombi.

Baada ya amina, Waya alikuja akanifunika leso mabegani, akanibandua taratibu kama chapati iliyoshika kikaangio. Nusu ya nyuma ikabaki pale.

"Umekaa nayo mpaka mwisho," akasema. Mabega yalikuwa yakimtetemeka. "Neno ni neno. Kesho utaenda. Lakini hiyo benchi utaiosha leo, jua likizama tu na Sabato iishe."

Niliiosha kwa maji moto na kisu.

Siku ya pili ya Krismasi nilipanda jukwaani Migori. Niliwatoa walimu wote saba na yule askari, kisha nikaongeza mhubiri, sisimizi, na mtoto anayelamba. Watu wakacheka, wakapiga makofi, mama akafuta machozi. Nikashuka nikiwa mkubwa kuliko mtungi.

Halafu, kujaza dakika zilizobaki, akapandishwa kijana wa jirani, akalia kama mbuzi mara moja tu. Ukumbi ukasimama wote. Wakamrudisha mara tatu.

Kwa hilo nililambwa na mtoto wa watu.